Kituo cha Kwa Mwizi

Mwaka ule wa Uhuru, barabara ya Likoni hadi Msambweni ilikuwa ya vumbi jekundu, vumbi ambalo, wallahi, liliwafanya kuku wa Tiwi watage mayai mekundu. Vibao havikuwapo. Vituo vilipewa majina na makondakta kwa kile walichokiona: Kwa Mganga, Kisimani, Msikiti wa Mabati. Na mbele ya nyumba ya Seifu: Kwa Mwizi.

Chanzo kilikuwa Kavumbi, kondakta mtu wa bara. Alimwona Seifu juu ya mnazi, katika shamba la Chome, akiangua madafu. Hakujua kwamba huku pwani shamba laweza kuwa la huyu na minazi ikawa ya yule. Minazi ile Seifu aliirithi kwa babake, na hata hakimu alishaamua hivyo mbele ya Chome. Kavumbi akapaza sauti, "Mwizi huyooo!" Basi zima likaangua kicheko, na jina likaganda.

Seifu alivumilia mpaka ilipokuja posa ya binti yake. Asiya alikuwa amefikia umri ambao majirani hawaulizi tena, wanatazamana tu. Wazee wa Msambweni wangekuja Ijumaa, kwa basi lile lile.

"Washuke Kwa Mwizi, kisha wakute mlango wa kwanza ni wetu?" mkewe Mwanasiti alisema. "Mwanangu atazeekea jikoni!"

"Jina hilo nitalifuta," Seifu akajibu.

Akamwalika Kavumbi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka; Kavumbi alikula hadi kifungo cha suruali kikaruka kikamwangusha paka dirishani.

"Mwanangu, kiite kituo kwa jina langu. Seifu. Basi."

"Mzee, chakula hiki nimekila. Kuanzia kesho, Seifu."

Kesho yake akaita, "Kwa Seifu!" Hakuinuka mtu. Akina mama wakapitilizwa hadi Tiwi, wakarudi kwa miguu na vikapu kichwani, wakimlaani.

"Seifu ndiye nani, we mpumbavu?"

"Yule mwizi, mama!"

"Si useme!"

Basi akasema. Kavumbi hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, wala wa kuwatembeza abiria juani. Kabla ya Ijumaa, njia nzima ilikuwa imelijua jina.

Ijumaa Seifu alisimama kando ya barabara, kanzu imepigwa pasi, udi unanukia hadi mtaroni. Nyuma yake Asiya alichungulia pembeni mwa pazia. Basi likasimama.

"Kwa Seifu Mwizi! Wa posa, shukeni!"

Mzee Makame, ami yake bwana harusi, alikuwa ameshatia mguu mmoja ngazini. Akaurudisha ndani.

"Seifu huyu ndiye baba wa binti?"

"Ndiye huyo huyo," mama mmoja akamjibu. "Njia hii tuna mwizi mmoja tu."

"Hakimu alisema minazi ni yangu!" Seifu alipiga kelele. "Mzee Makame, muulize Chome!"

Makame hakumtazama. Aligonga bodi ya basi kwa kiganja. "Dereva, twende. Tutageuzia Likoni."

Seifu alikimbia ubavuni mwa basi, kanzu ameikusanya mkononi, akimwita Chome, akimwita Mungu. Nyuma yake pazia likafungwa. Kavumbi akatoa kichwa mlangoni, uso umemng'aa.

"Shikamoo, mzee! Umesikia? Leo nimelitangaza jina lako vizuri!"

Seifu, ambaye alilelewa na watu wenye adabu zao, alimeza vumbi.

"Marahaba," akasema.