Chumvi ya Baba

Baba yangu alikuwa mpishi wa hoteli mpaka homa ilipomnyang'anya harufu na ladha. Homa ikaondoka, hivyo viwili havikurudi. Umpe kitunguu saumu, umpe sabuni, kwake yote mamoja. Akatundika aproni nyuma ya mlango wa jikoni, akahamia kwenye kiti cha sebuleni. Hoteli wakapiga simu: anarudi kazini au watafute mwingine? Jibu walilitaka Jumatatu.

"Nikawapikie nini watu, nami sijui ninachopika?" akasema.

Nilikasirika. Mimi ni msusi, hasira zangu ziko karibu, na sikuwa tayari kumwona mtu aliyenilisha tangu utotoni akinyauka mbele ya televisheni iliyozimwa.

Jumapili nikaamua kupika supu yake ya Kiitaliano, ile nzito ya soseji, viazi na krimu, iliyomjengea jina hotelini. Kuila nimeila sana. Kuipika sijawahi, maana jikoni kwa baba hakuna aliyeruhusiwa hata kuonja chumvi. Marehemu mama mwenyewe alijaribu mara moja, akagongwa vidole kwa mwiko. "Chumvi ni ya mpishi," baba alimwambia, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Nikakaanga soseji na vitunguu, nikatia viazi na maji. Mambo yalininyookea, nikavimba kichwa. Nikaongeza moto ili viazi viive upesi, kwani subira sikujaliwa. Supu ikachemka kwa fujo. Nikafungua pakiti ya krimu.

"Usimimine."

Sauti ilitoka sebuleni. Nikaganda.

"Baba, umeonaje kutoka huko?"

"Sijaona, nasikia. Sufuria inapiga kelele hiyo. Ukitia krimu sasa itakatika, tutakunywa mabonge. Punguza moto."

Nikapunguza.

"Bado," akasema. Tukangoja. Mlio ukashuka, ukawa mnong'ono tu. "Haya, sasa. Kidogo kidogo. Msusi gani wewe, una mkono mzito hivyo?"

"Kama unajua sana, njoo upike mwenyewe."

Nikajua nimevuka mpaka, nikajilaani. Kisha nikasikia kiti kikilia.

Baba akaingia, akavaa aproni bila kuniangalia. Akainamisha sikio juu ya sufuria. Akaponda kiazi kwa kijiko, akaridhika. Halafu, kwa mazoea tu, akachota supu akaonja.

Niliuona mdomo wake ukitafuta kitu na kukikosa. Roho iliniuma. Akasimama na kijiko chake muda mrefu, nami nikasubiri avue aproni arudi kwenye kiti.

Akachota tena. Akapuliza ipoe, akaninyooshea kijiko.

"Onja chumvi," akasema.

Nikaonja. "Imepungua kidogo, baba."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nusu kijiko."

Akanisukumia kopo la chumvi, nikaongeza kwa mkono wangu mwenyewe, huku machozi yananitoka na nikisingizia vitunguu vilivyokwisha kuiva zamani. Baba akawa anakoroga, ametega sikio.

"Yule mama wa keki kule hotelini," akasema, "ana ulimi mzuri. Miaka yote sikuwahi kumwonjesha." Akafunika sufuria. "Kesho nitamwomba."