Funga ya Hospitali

Uvimbe wangu wa shingoni ulianza kama embe changa, nikaufuga hadi ukaninyima pumzi. Kulala chali sikuweza. Mwaka mzima nililala nimekaa, mgongo ukutani, na mume wangu Sudi akiamka kila mara kusikiliza kama bado napumua. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka basi.

Ndipo tukasikia daktari bingwa wa upasuaji kaja Mtwara kwa wiki moja tu. Tukatoka Msimbati, Sudi akafikia kwa binamu yake Magomeni ya hapohapo Mtwara, mimi nikalazwa hospitali. Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Najua mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini mimi mbishi, nilikuwa nafunga.

Jumanne jioni nesi Sabina, mtu wa Songea, akapita kitandani kwangu. "Mama Rehema, kesho unapasuliwa. Kwa hiyo unafunga, sawa?"

"Nafunga, mwanangu. Kwa nini nisifunge?"

Kabla ya alfajiri Sudi akaniletea daku, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Nikala nikashiba, nikanuia, nikatulia. Mtu anakwenda kukatwa shingo, atakula kidogo? Asubuhi Sabina akauliza nimekula lini mara ya mwisho. Nikamwambia.

"Umekula! Si nilikwambia ufunge?"

"Si nimefunga!"

"Umefunga nini, na muhogo uko tumboni? Ungetapika ukiwa kwenye usingizi wa dawa, ukapaliwa, ukafa!"

"Sasa mtu atafungaje bila daku?"

Wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Jina langu lilifutwa.

Kumbe funga yao huanza usiku, haina daku wala tone la maji. Alhamisi nikaifunga hivyohivyo. Nikakaa mdomo mkavu, kichwa kinagonga, adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Mara imeletwa ajali, mara umeme umekatika. Jioni wakaniambia nile tu, leo haiwezekani. Nililia kwa hasira. Daktari alikuwa anaondoka Jumamosi.

Sudi alipoingia na uji wa futari, nikamrukia yeye. "Wewe una raha! Unakula daku lako Magomeni, unalala!" Sudi ukimgombeza hutazama miguu yake, na hilo ndilo hunikera zaidi.

Ijumaa jua linachomoza, Sabina huyo na kikombe cha maji ya glukosi. "Kunywa yote, mama. Leo wewe ni wa kwanza."

"Sinywi."

"Daktari mwenyewe kasema. Chakula hapana, lakini maji matamu yasiyo na maziwa hayakudhuru ukiyanywa masaa mawili kabla. Yanakupa nguvu, unaamka vizuri. Jana ulikauka bure."

"Juzi mmenirudisha kwa kula, leo mnaninywesha? Nikinywa mtasema nimekula, daktari ataondoka, na mimi nitakufa nimekaa hivihivi. Sinywi!"

Akakaa kitandani pangu. Naye hakuwa amelala, macho mekundu. "Siku ile kosa langu, mama. Nilikwambia ufunge, na huu ni mwezi wenu wa kufunga." Nikakisukuma kikombe pembeni. Akatoka, akamwita Sudi aliyekuwa kibarazani.

Sudi akachukua kikombe, akakiweka mkononi mwangu. "Kunywa, Somoe. Leo mimi nitakufungia."

Nikanywa. Tamu mpaka meno yaliuma.

Nilipozinduka koo lilikuwa linachoma, shingo imefungwa bandeji, lakini kichwa chepesi, kichefuchefu sina. Na nimelala chali. Chali, mimi! Pumzi inaingia na kutoka bila kunitesa. Nikataka Sudi aone.

"Baba Rehema yuko wapi?"

Sabina akainama. "Alianguka pale mlangoni pa chumba cha upasuaji, wewe ukiwa ndani. Tumemtundikia dripu. Tangu Jumatano hajala daku, mama. Jioni anafuturu maji na tende, basi. Anasema daku lake ndilo lililokurudisha, hataligusa mpaka upone."

Wakamleta jioni kwenye kiti cha magurudumu, Sabina kashikilia ile chupa ya dripu juu. Midomo ya mume wangu ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Mimi niliyepita kwenye kisu ndiye mzima, na yeye ambaye hakuguswa ndiye mgonjwa. Nilitaka kumgombeza, sauti ikatoka kwa mkwaruzo tu.

"Loo, Sudi! Ndiyo nini hii?"

Akanitazama nilivyolala. Akatazama kifua changu kikipanda na kushuka. Kisha akatazama miguu yake.

"Nisamehe, Somoe," akasema. "Funga yako wameivunja kwa sindano."

Nikaupapasa mkono wake usio na dripu, nikaushika. Tulilia wote wawili, na Sabina akageukia dirishani.