Zambarau Iliyogeuka Damu ya Mzee

Watu walimwita Jicho, na jina hilo hakupewa bure. Kwenye harusi iliyojaa watu mpaka uani, angekuonyesha yule mmoja aliyevaa soksi zisizofanana. Kaka yake ndiye aliyepiga picha na video. Jicho, dada mtu, ndiye aliyezikata, akazisafisha na kuzitia rangi, na wateja hawakuona aibu kusema kwamba kaka anapiga lakini Jicho ndiye anayetengeneza. Kaka mtu hakununa. Yeye alijulikana kama Cheka, kwa sababu ndilo neno alilowaamrisha mabwana harusi wote, na mtu mwenye jina kama hilo akinuna atachekwa zaidi.

Studio yao ilikuwa vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya mama yao. Cha kwanza kilikuwa cha kupokea wageni. Cha pili kilikuwa cha Jicho, na muda si mrefu kabla ya mambo haya, alipokwenda kumuuguza shangazi yao, Cheka alikipaka rangi bila kumwambia mtu. Alichagua chungwa, lile lile la kibao cha nje na la mashati yao ya kazi, maana alisikia kwamba biashara ya maana huwa na rangi yake. Jicho aliporudi alikuta chumba kinawaka ukuta hadi ukuta. Alitaka kusema neno, lakini kaka yake alikuwa amesimama pale na rangi kwenye nyusi, anasubiri kusifiwa. Akamsifu.

Laptopu yao, hiyo sasa ilikuwa imezeeka vibaya. Ukiiambia itoe video ya harusi ilivuma kama mashine ya kusaga, ikapata moto wa kupigia pasi, kisha ikazima pale pale maharusi wanapokata keki. Walikuwa wakiivumilia kama mtu anavyomvumilia mjomba mlevi. Kilichowaondolea uvumilivu ni kazi ya vitambaa.

Mteja huyo alikuwa mama mmoja aliyetia vitambaa rangi kwa mikono yake mwenyewe, na sasa alitaka kuwauzia watu wa mbali kwa picha na video fupi, kila mwezi mzigo mpya. Harusi huja na kuondoka. Kazi kama hii hukaa, na studio inayoipata hulala usingizi. Alimpa Cheka vitambaa vichache vya majaribio, huyo akapiga picha, Jicho akatengeneza. Jibu lilikuja siku iyo hiyo.

"Binti, zambarau yangu imegeuka damu ya mzee," alisema yule mama kwenye simu, bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Mtu ataagiza hiki, mimi nitampelekea kile, ataniita tapeli. Jaribuni tena mara moja. Ikishindikana nitatafuta wengine, na tusilaumiane."

Cheka alisema kosa ni la laptopu, tena alisema kwa furaha, kwa sababu alikuwa akitafuta kisingizio cha kununua mpya tangu zamani. Jicho aliitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa mbali kabisa. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamevaa mkono wake. Kisha doa la ukungu likamkaa katikati ya kila alichokitazama, na cherehani ikafunikwa kitambaa ikawa meza ya kuwekea vyombo. Jicho hakusahau ugonjwa ule ulivyoanza. Haukuanza na giza. Ulianza siku mama alipotia zipu ya kijani kwenye gauni la bluu, akaapa kwamba zinafanana. Daktari alisema maradhi hayo hupenda kufuata ukoo. Tangu mama wa vitambaa akate simu, binti mtu alikuwa akifumba jicho moja, kisha jingine, akijipima kwa rangi za nguo kwenye kamba. Hakumwambia mtu.

Basi wakaenda dukani. Jicho alibeba kitambaa cha zambarau chenye pindo jeupe, na harusi yao nzito kuliko zote kwenye flashi. Cheka alibeba maoni. Duka lilikuwa na kuta nyeupe na taa nyeupe, na muuzaji wake alikuwa kijana mwenye maneno laini, akimwita Cheka bosi kila alipofungua kinywa. Akawapeleka moja kwa moja kwenye laptopu nene yenye taa za rangi rangi chini ya vibonye. Akasema hii hairuki, hii inapaa: prosesa ya kizazi kipya, kumbukumbu ya kutosha kijiji, kadi ya picha ya peke yake. Cheka aliitazama kama anavyotazama mchumba.

Jicho alichomeka flashi akaifungua ile harusi. Kweli, ilipaa, video iliyokuwa ikiwatoa jasho ilikatika kama siagi. Kisha akafungua picha ya kitambaa, akainamisha skrini kidogo, na zambarau ikahama. Akainyanyua, ikarudi. Alisema mashine inayobadilisha rangi kila ukijikuna haimfai. Ya pili ilikuwa nyembamba, yenye skrini ya kupendeza hasa, lakini aliiacha itoe video nzima huku muuzaji akitazama saa, na ilipofika nusu ikawa moto, mwendo ukapungua, ikaanza kusota. Mwembamba akibebeshwa gunia, akasema Jicho, hutembea vizuri mpaka mlango wa duka.

"Mchagua jembe si mkulima," Cheka alinong'ona kwa uchungu.

"Na asiyechagua hulima kwa mikono," akajibiwa.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina taa, haina madoido, imekaa pembeni kama karani. Skrini yake haikuakisi uso wa mtu. Ilifanya kazi nzito mwanzo hadi mwisho kwa mwendo ule ule, feni ikipumua polepole, na zambarau ilitulia popote ulipoitazamia. Jicho aliweka kitambaa kando ya skrini, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaitengeneza picha palepale, akamtumia yule mama. Wakasubiri. Cheka aliendelea kuishika ile ya taa, anawasha na kuzima.

Jibu likaja kwa sauti, na wote watatu walilisikia. "Sasa hiyo ndiyo zambarau yangu. Leteni zote namna hiyo."

Jicho alikikunja kitambaa, akachomoa flashi. Akainunua ya kijivu kwa akiba yao yote, na bei yenyewe ilikuwa ya kutajwa mtu akiwa amekaa. Njiani aliipakata kama mtoto. Macho yangu mazima, alikuwa akijiambia, macho yangu ni mazima.

Nyumbani, kesho yake, alifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwa nao. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa, na jua la asubuhi lilijaa mpaka kwenye kona. Kila picha aliipatanisha na kitambaa chenyewe, kimelazwa kando ya skrini, uzi kwa uzi, mpaka huwezi kusema kipi ni kitambaa na kipi ni picha. Kufikia mchana mzigo wote ulikuwa umekamilika. Akautuma, akaenda kuchemsha chai.

Safari hii yule mama hakupiga simu. Aliandika tu kwamba imerudi ile ile damu ya mzee, kwamba hata mapindo meupe yameiva, na kwamba anasikitika, angewapa mpaka kesho jioni.

Jicho alikaa chini jikoni. Cheka alipomkuta, alifikiri kuna msiba, na kwa hakika hakukosea sana.

"Ni macho, kaka," alisema. "Nina ugonjwa wa mama. Nimevipatanisha mwenyewe, kimoja kimoja, nikaona sawa. Usimwambie."

Cheka alimnyanyua sakafuni. Kisha akafanya anachofanya kila anapoogopa: akatafuta mtu wa kugombana naye. Alichukua laptopu, akachukua kitambaa, akamshika dada yake mkono, akasema wameuziwa mbuzi kwenye gunia na mwenye gunia atawatambua leo.

Muuzaji aliwaona tangu mlangoni na ule ubosi ukamtoka. Cheka alianza kunguruma bado hajafika kaunta, kitambaa kimemning'inia kifuani kama bendera, akitaka kujua ni mashine gani hii inayosema kweli dukani na uongo nyumbani. Kijana akaiwasha kwa mikono ya mtu asiye na hatia, akafungua picha walizotuma mchana, akaigeuza skrini kwa Jicho.

Jicho akatazama. Zambarau haikuwepo. Ilikuwa damu ya mzee tupu, na pindo jeupe limekuwa la maziwa ya chai.

Akatazama tena, akajikuta anatabasamu, na kaka yake akadhani amepatwa na wazimu.

"Ninaiona," akasema. "Kaka, ninaiona. Ninaona kwamba nimekosea."

Kwani mtu mwenye macho mabovu angeonaje kosa lake? Macho ni yale yale, mashine ni ile ile. Kilichobaki nyumbani ni nini? Alinyoosha mkono kuchukua kitambaa, na hapo ndipo mkono ukasimama. Cheka alikuwa amevaa shati la kazi, lile la chungwa, na lile pindo jeupe lililolala tumboni mwake halikuwa jeupe. Lilikuwa limeiva kidogo, kama pindo la kwenye picha.

"Sogea nyuma," Jicho akamwambia. "Kiache kitambaa kwenye kaunta, wewe usogee." Pindo likawa jeupe. "Njoo." Likaiva. "Rudi."

"Mimi ni mlango?" Cheka aliuliza, lakini alikuwa amekwisha kuanza kuelewa, maana alikuwa akilitazama shati lake.

Jicho hakuwa na haja ya kumaliza. Shati moja tu lilitosha kupaka pindo. Je, chumba kizima, ukuta kwa ukuta, na jua la dirishani likiupiga? Kila asubuhi ukuta ulikuwa ukikipaka kitambaa chungwa, naye, kwa bidii yake yote, akiipaka picha chungwa ili ifanane nacho. Angekuwa mvivu angekosea kidogo. Uangalifu ndio uliomponza. Na harusi zote zilizopita chini ya ukuta ule, mbona hakuna aliyelalamika? Kwa sababu bibi harusi akitoka ameiva kidogo watu husema amenawiri, na nani akatae kunawiri. Kitambaa ndicho kisichojua kujipendelea.

Walimwomba muuzaji radhi, Cheka akaomba mara mbili, na kijana akawa muungwana, akasema bosi, hata kwetu hutokea, ingawa haikueleweka nini hutokea. Wakaomba kona moja ya kaunta. Jicho alizirekebisha zote palepale, akipimia kitambaa kile kimoja, chini ya taa nyeupe, kaka yake amewekwa nje ya duka kwa sababu ya shati.

Kabla jua halijazama yule mama alikuwa ameshajibu. Aliuliza mzigo wa mwezi ujao aulete lini.

Chumba kikapakwa kijivu, kijivu cha mvua, kisicho na maoni. Cheka alikipaka mwenyewe, akiomboleza kwamba sasa wateja watadhani wamewekwa mahabusu. Mama yao alipoelezwa kisa alicheka mpaka akajifuta kwa khanga, akauliza kama ni kweli wamenunua mashine nzima kwa sababu ya ukuta. Cheka akamjibu kwamba mashine hiyo sasa inamaliza harusi nzima kabla chai haijapoa, na kwamba ukuta ni habari nyingine na iachwe ipumzike. Kisha, bila kupanga, Jicho akamwambia mama yake ile hofu yote, na zile siku za kufumba jicho moja mbele ya kamba ya nguo. Mama aliacha kucheka. Akampapasa uso, akamwambia akapime hata hivyo, maana kukimbia daktari hakujamtibu mtu, naye aliyekimbia mwaka mzima ndiye anayejua. Jicho akaahidi.

Rangi ilipokauka mama alikuja kukikagua chumba, mkono ukitangulia ukutani. Akakalishwa kwenye kiti cha kazi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuomba kuonyeshwa picha, na wanawe hawakuwahi kumwonyesha, wakidhani wanamstahi. Sasa kwenye skrini palikuwa na kile kitambaa cha zambarau, na Jicho, bila kufikiri sana, akaanza kuikuza picha. Akaikuza mpaka kitambaa kikatoka nje ya skrini likabaki pindo peke yake, mpaka nyuzi zikawa nene kama kamba, na mashine ile ya kijivu haikusita wala kuvuma.

Mama aligeuza kichwa kidogo upande, akatazama kwa pembe ya jicho, pale ambapo ukungu haujafika. Alisogeza kichwa polepole, akilifuata pindo. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo, akakiweka kati ya uzi na uzi.

"Aliyekunja pindo hili alikuwa na haraka," akasema. "Mshono umeruka hapa."

Jicho akainama. Alikuwa amekitazama kitambaa kile siku nzima nzima na hakuwahi kuliona kosa hilo. Mshono ulikuwa umeruka kweli.

"Sogeza mbele," mama akasema, akivuta kiti karibu na meza. "Nione alivyomalizia."