Mguu wa Winchi

Wachukuzi wenzake walimwita Winchi kwa jinsi alivyoinua magunia. Lakini asubuhi hiyo aliingia ghalani akiburuta mguu wa kushoto, mkononi ana barua ya daktari.

Nyapara hata hakuifungua. "Jana kiuno, leo mguu. Kesho utaniambia nini, nywele zinauma?"

"Daktari amesema kati ya pingili za uti wa mgongo kuna kitu kama mto. Wangu umechomoza, unabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni."

"Mto! Umezoea kulala, ndiyo maana unaota mito."

Wengine wakaangua kicheko. Winchi akahisi uso unamwaka. Miaka tisa alikuwa amemtumikia mtu huyu kwa mgongo wake.

Nyapara akachukua sindano ya kushonea magunia, akainama, akamchoma ghafla kwenye dole gumba la ule mguu. "Sasa tuone kama hutaruka!"

Winchi hakuruka. Alisimama akimtazama tu, huku damu ikitiririka juu ya kandambili. Kicheko kikakatika. Mchukuzi mmoja akatua gunia lake, kisha wa pili, kisha wote.

"Chomoa," Winchi alisema. "Halafu soma barua."

Safari hii nyapara aliisoma.

Winchi alipasuliwa wiki ile ile. Maumivu yaliisha, lakini dole lile lilibaki na ganzi. Nyapara alipokuja wodini na pole zake, Winchi aligeukia ukutani mpaka mgeni huyo akajiondokea mwenyewe.