Spika ya Upande Wangu

Mume wangu hakupenda muziki. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima ulimwita Disko, na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyemwita jina jingine isipokuwa mimi. Alikuwa mtu wa kimya chake. Akirudi kazini alitaka chai, kiti na dirisha lililofungwa. Lakini gari lake lilisikika kabla halijaonekana, maana kwenye mlango wa abiria alikuwa amefunga spika moja kubwa ya kufaa ukumbi wa harusi, sawasawa na sikio langu lililobakiwa na uhai kidogo.

Aliifunga kwa ajili yangu. Nilikuwa mwalimu, na nilianza kupoteza usikivu nikiwa bado darasani. Kwanza zilipotea sauti za watoto wa nyuma, kisha za hao wa mbele. Nikawa mkali. "Sema kwa sauti, mdomo haulipiwi kodi," ndivyo nilivyokuwa nikiwafokea, na mwalimu mkuu akanisifu eti nawafundisha watoto kujiamini. Ningemwambia nini? Mwalimu asiyesikia nani atampa darasa? Nikamwapisha mume wangu asimwambie mtu yeyote, hata mwanetu. Na hata nilipostaafu, nikiwa sina tena kazi ya kupoteza, bado sikutaka ijulikane. Kiburi tu, sina jina jingine la kukipa.

Basi siku moja, nikiwa bado nafundisha, alikuja na ile spika, akachukua msumeno na tupa, akaikata dashibodi ya gari zima zima lisilo na kosa, akang'oa redio iliyokuja nalo na kupachika redio kubwa ya kaseti. Akautoboa na mlango. Asubuhi iliyofuata nikasikia taarifa ya habari yote, neno kwa neno, bila kutazama mdomo wa mtu. Nililia humo garini kama mtoto. Watu walimcheka sana, mzee mwenye mvi zake anatikisa vioo vya watu kama kijana aliyepata mshahara wa kwanza. Naye alicheka nao. "Waache waniite Disko," aliniambia, akinigeukia ili nimsome midomo. "Sipungukiwi kitu."

Sasa yeye hayupo, na mwanetu amelifufua lile gari. Ni karani wa benki, wiki nzima yumo kwenye tai, lakini Jumamosi humwoni ila miguu, mwili mzima uko chini ya gari. Alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Kuna klabu yao ya wenye magari ya kale, na hao hawana mchezo, skrubu moja isiyo ya asili inakukatia alama. Rangi aliipata, viti aliviweza. Kilichomtesa ni redio. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu wote mpaka akaipata ya mwaka uleule, ndani ya gari ambalo kuku walikuwa wanatagia. Ina vitufe vitano na mshale unaotembea nyuma ya kioo. Spika yake ni moja tu, ndogo, ya umbo la yai, inajificha chini ya dashibodi. Aliponionyesha alikuwa anang'aa uso, nami nikamwambia hongera. Moyoni nikajua kwamba kwa masikio yangu kile kilikuwa kipande cha karatasi.

Siku aliyoing'oa ile ya mlangoni, alikuja nayo jikoni ameikumbatia. Akasimama mbele yangu, penye mwanga, akasema taratibu, "Mama, hili dude la baba nilitupe?"

Hapo siwezi kusingizia masikio. Nilisoma kila neno.

"Litupe," nikasema. "Litatujazia nyumba."

Akacheka, akasema baba naye alikuwa na ushamba wake, kuharibu gari zuri vile kwa sababu ya makelele. Nami nikacheka. Kesho yake gari la taka likapita. Nililitazama kupitia dirishani mpaka likapinda, kisha nikashindwa kukaa sebuleni kwa sababu picha ya mume wangu iko ukutani pale. Nikaenda kukaa chumbani na kazi yangu ya kufuma, na sikufuma chochote.

Halafu ikaja siku ya maonyesho. Uwanja wa klabu ulijaa magari yaliyosuguliwa mpaka unajiona. Mwanangu alinikalisha kwenye kiti changu cha zamani, upande wa abiria, mlango wazi, nimevaa gauni langu la kutokea. Mwamuzi alikuwa mzee mwembamba mwenye tochi mfukoni, na nyuma yake wanaklabu wamejazana. Mwanangu akaanza kuwasimulia. Sikusikia, lakini nilijua anasimulia habari za nani, maana alitanua mikono kuonyesha ukubwa wa ile spika, akajiziba masikio, akatikisa kichwa kama mlevi wa ngoma. Nikaokota vipande midomoni mwake: Disko, mlango, aliharibu. Watu wakaangua kicheko. Nikacheka pia. Hiyo ndiyo kazi yangu miaka yote, kucheka wenzangu wakicheka.

Mwamuzi akainama kuchungulia ndani. Mwanangu akanyoosha mkono, akawasha redio. Kioo kikawaka njano, mshale ukatembea. Kilipendeza, sikatai. Mwamuzi akanigeukia. Alikuwa na midomo mizuri, inayosomeka.

"Mama, wewe ulikuwepo kabla mzee hajalikata. Ndivyo ilivyokuwa ikilia?"

"Ndivyo hasa," nikasema. Ningeishia hapo, lakini mimi nikishaanza uongo huwa naupamba. "Sauti tamu, safi kabisa. Ila Disko angesema bado, angeongeza mpaka vioo vidondoke."

Hakuna aliyecheka. Mwamuzi aliitazama redio, akanitazama mimi, akaitazama tena redio. Mwanangu alikuwa anakizungusha kitufe cha sauti huku na huku, uso umemshuka. Nikamwona akimwambia mwamuzi, "Samahani mzee, nadhani waya umechomoka." Redio ilikuwa kimya, na mimi ndiye pekee uwanjani niliyekuwa nikiisifia.

Mama mmoja wa klabu, mtu mwema, akanishika bega. "Mama anatutania," akawaambia wenzake.

"Natania jamani," nikadakia. "Mnatazama kioo kwa kicho hivyo, nikaona niwachokoze kidogo."

Wakacheka, wakapumua. Mwamuzi akasema tengenezeni, nitarudi nikimaliza gari linalofuata, na kundi likamfuata. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimemfanya mume wangu kichekesho mbele ya watu nisiowajua, na niliyemtania ni mtu aliyekubali kuchekwa maisha yake yote ili mimi nisichekwe hata siku moja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mwanangu aliingia upande wa dereva, akajipinda, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje. Nikatazama kioo cha mbele. Baada ya muda akatoka, akakaa kwenye kiti chake akinitazama usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananichunguza, kama anavyochunguza sahihi kule benki.

"Mama," akasema. "Nimekuomba bisibisi mara tatu. Iko mapajani mwako."

Nikatazama. Ilikuwa mapajani mwangu kweli.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: nilikuwa nawaza, nilisinzia, jua kali. Nikaumeza. Nilikuwa nimechoka nao, na zaidi ya hapo nilikuwa nimechoka kumtumia marehemu.

"Sisikii," nikamwambia. "Hiyo redio sikujua kama inalia au hailii. Uliyowasimulia wale sikuyasikia, nimeokota tu. Masikio yalianza kuniziba wewe ukiwa shule ya msingi. Ile spika ilikuwa yangu. Baba yako ilikuwa inamuumiza kichwa, akifika nyumbani anakunywa dawa. Wewe ulipouliza kama uitupe nilikuelewa vizuri sana, nikakwambia itupe."

Aliinamisha uso. Midomo ikawa inacheza lakini siioni.

"Inua uso," nikasema. "Ukiinama nakupoteza."

Akainua. Macho yalikuwa yamemwiva. "Unakumbuka nilipoanza sekondari, baba akawa ananishusha pale kwenye kona, sio getini?"

Nilikumbuka. Nilimuuliza mume wangu kwa nini, akaniambia mtoto anataka kunyoosha miguu, amekuwa mwanaume sasa. Kila asubuhi nilikuwa nampungia mkono dirishani, redio inavuma, na mtoto anakwenda bila kugeuka. Nikafikiri ni mambo ya umri.

"Ni mimi niliyemwomba," akasema. "Nilimwambia naona aibu wenzangu wakilisikia gari letu. Nilimwambia humu humu garini, nikiwa kiti cha nyuma, na wewe umekaa hapo ulipokaa sasa. Hukusema kitu. Miaka yote nilijua ulisikia, ukanyamaza kwa kuwa uko upande wangu."

Nilijaribu kuikumbuka asubuhi hiyo, uso wa mume wangu ulivyokuwa, na sikuweza kuitofautisha na nyingine. Labda nilikuwa nasikiliza habari.

"Hakunigombeza," mwanangu akaendelea. "Alisimamisha gari kwenye kona, akanishusha." Akasema na jingine, lakini alijifuta uso kwa mkono na midomo ikapotea.

"Sema tena hilo la mwisho."

"Nimesema hakupunguza sauti, mama." Alisema kwa nguvu safari hii, akitamka kila neno kama mtoto wa darasani kwangu. Watu wa gari la jirani wakageuka, na mwamuzi naye, aliyekuwa anarudi, akasimama. "Angeweza kupunguza tu sauti, nikashuka getini kama wenzangu. Hakupunguza."

Nikawaacha wageuke.