Kamati Kuu ya Ukombozi wa Makoo

TANGAZO KWA UMMA. Kamati Kuu ya Ukombozi wa Makoo inawatangazia wananchi wote waliokunywa, wanaokunywa na wanaokusudia kunywa, kwamba Jumamosi baada ya sala ya alasiri utafanyika mkutano wa kusaidiana kuacha pombe, katika ghala la korosho. Kila mlevi aje na kiti chake. Mwisho wa mkutano, kila mlevi atakumbatia mpapai na kuuomba radhi.

Kamati hiyo tukufu ilikuwa na mjumbe mmoja, naye alipokuwa akiandika hayo alikuwa amelala kifudifudi akitafuna muhogo. Mjumbe huyo ni mimi, Kitwana, mwanafunzi wa bweni kule Kibaha, niliyekuwa likizo kijijini kwetu Kisarawe kuwaletea wananchi mwanga wa elimu.

Aliyeniponza ni mjomba Mwishehe. Mkewe, Mwamini, alikuwa amebeba mtoto na kurudi kwao Mlandizi, akaacha ujumbe kwamba hatarudi mpaka amsikie mumewe akiikana pombe mbele ya watu. Ahadi za kwenye mto wa kulalia, alisema, zimemtosha.

"Dereva mmoja wa lori kaniambia huko Kibaha kuna watu wanakutana, wanasaidiana kuacha," mjomba aliniambia. "Wewe msomi unasoma huko. Niulizie mkutano wao uko wapi."

Sikumuuliza mtu yeyote. Msomi hasemi hajui. Hilo nimejifunza kwa kuwatazama walimu wangu. Badala yake niliandika tangazo, na alfajiri nikalibandika kwenye ukuta wa ghala kwa uji wa muhogo. Mpango ulikuwa rahisi: mjomba angekuja peke yake na kiti chake, akae amsubiri mwenyekiti asiyekuwapo, nami nirudi bwenini na hadithi ya muhula mzima.

Kumbe nilisahau kwamba katika kijiji cha Ujamaa hakuna mkutano usiokuhusu. Mwezi uliopita, waliokosa mkutano wa vyoo walifyekeshwa majani ya ofisi juma zima. Basi Jumamosi walikuja wote. Hata maalimu wa chuo cha Kurani, ambaye tembo hajalinusa, alikuja na kiti chake akakaa mbele ili aonekane.

"Balozi, mimi sinywi," alisema. "Ila ujue kwamba nimefika."

"Na mimi sinywi," akadakia Abdala, mchuma korosho, macho yakiwa mekundu kama pilipili.

"Sawa," alisema Mwinyijuma, balozi wetu wa nyumba kumi. "Lakini kaa mbali na sigara yangu."

Nilikuwa naumia mbavu kwa kicheko nilipomwona Mwamini mlangoni, mtoto mgongoni, furushi mkononi. Mjomba alikuwa amempelekea habari kwamba mkutano umepatikana. Hakukaa. Furushi nalo hakuliweka chini.

Kamati Kuu ilichelewa kufika, kama kawaida ya kamati. Mjomba akasimama.

"Mimi Mwishehe. Niliuza bati za nyumba yangu nikazinywa. Mvua ilipotunyeshea, nikamgombeza mke wangu kwamba hakukinga ndoo." Watu wakacheka, kisha wakaacha. "Tangu Jumatano sijaonja. Jana nilifika mpaka mlangoni kwa Bi Biubwa, nikarudi. Leo sijui kama nitarudi."

Bi Biubwa, muuza tembo, akajibu kutoka kwenye kigoda chake: "Nilikuona. Nikadhani umesahau pesa. Usije tena, Mwishehe. Ukija nakutoa na mwiko."

Abdala akasema kwa sauti ndogo kwamba alichosema kuhusu kutokunywa hakikuwa kweli. Hakuna aliyeshangaa, lakini hakuna aliyecheka.

"Naona jambo hili lina maana," alisema Balozi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Hebu tujue kamati inataka tufanye nini baadaye. Kitwana, tusomee."

Nilisimama, nikaiinua karatasi mbele ya kifua, nikalitazama paa kama mtangazaji wa redio, nikasoma. Nilisoma vizuri mno. Nilipofika kwenye mpapai nilitia huzuni kidogo.

"Kitwana," alisema Balozi, "itazame karatasi."

Nikaitazama. Iliishia kwenye ghala la korosho. Chini ya hapo palikuwa na alama za meno.

"Mbuzi wa maalimu aliufuata uji wako asubuhi ile ile, kabla hajasoma mtu. Kuhusu viti nilitangaza mimi, kwa kuwa ghalani hamna. Hayo ya mpapai umeyasoma wapi?"

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Umeyasoma wapi?"

Mjomba hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni, na Mwamini alikuwa akiliweka furushi lake kichwani.

"Niliandika mimi," nikasema. "Hakuna kamati. Mjomba aliniomba nimtafutie mkutano wa kweli, sikuuliza hata mtu mmoja. Nilitaka aje peke yake, nikawasimulie wenzangu bwenini tumcheke."

"Na hayo aliyoyasema mjomba wako," aliuliza Mwamini, "nayo ulimwandikia wewe?"

"Hapana, mama. Hayo ni yake. Hata mimi sikuyajua."

Mwamini akapita katikati ya watu, akashusha furushi.

"Mwishehe," alisema, "nipishe hicho kiti. Nimechoka, na Abdala bado hajamaliza kusema."

Balozi akanielekeza kwa kidevu nyuma ya ghala, ulipo mpapai.