Piko ya Alhamisi

Nywele zangu zilianza kuwa nyeupe nikiwa na miaka thelathini na tisa, kama za mama yangu na za mama yake. Mahali pengine watu wangenitania tu, yakaisha. Kwetu huku, nyuma ya Msambweni, mwanamke mwenye mvi na macho mekundu ya moshi hana haja ya kufanya lolote ili aitwe mchawi. Akizidi kuishi tu, yatosha. Kwa hiyo kila Alhamisi, baada ya alasiri, nilifunga mlango, nikakoroga piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye kifuu cha nazi na kujipaka kwa mswaki wa zamani. Kisogo sikuweza kukifikia. Kisogo nilipakwa na Mwanapili, nami nikampaka chake.

Mwanapili ni jirani yangu, amenizidi miaka mitatu. Ni Mwislamu wa swala tano, ushungi haumtoki kichwani hata anapokuna nazi. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua na piko na hali hakuna amwonaye nywele.

"Shoga," akaniambia, "upepo hauna adabu."

Shehe alikuwa amewaambia kwamba rangi nyeusi haifai, watumie hina. Lakini hina ingempa nywele nyekundu, na bibi kizee mwenye nywele nyekundu kwetu ni mchawi vilevile. Basi alijipaka piko Alhamisi, Ijumaa akaomba msamaha. Tulipakana, tukasengenya watu, tukanywa chai. Neno lenyewe, mchawi, hatukulitaja hata mara moja katika miaka yote hiyo.

Mwaka jana watu walimkata mzee Chengo kwa mapanga shambani kwake, saa nne ya asubuhi, jembe likiwa mkononi. Yeye hakuwahi kujipaka. Aliona piko ni mambo ya wanawake. Mkewe alikuwa karibu, akasikia yote, na alichosimulia ndicho kilichoninyima usingizi. Waliomwua walimwamkia kwanza. "Shikamoo, mzee," wakasema. Naye akawaitikia marahaba.

Baada ya hapo chifu aliitisha baraza katika shule ya msingi. Alikuja wakili kutoka Nairobi, msichana anayeitwa Ashley, amevaa viatu vyeupe kwenye vumbi letu jekundu. Alituzungumzia katiba. Alisoma ibara ya thelathini na mbili, kwamba kila mtu ana uhuru wa dhamiri, wa dini, wa fikra na wa imani, na kwamba anaweza kuabudu peke yake au pamoja na wenzake, hadharani au faraghani. Aliisoma vizuri, lazima niseme. Aliisoma kana kwamba ukuta umeshajengwa, kazi iliyobaki ni sisi kuingia ndani na kupumzika.

Halafu akataka tunyanyue mikono, atuonyeshe jinsi Kenya ilivyo ya watu wote. Waislamu wakanyanyua, karibu darasa zima. Wakristo wakanyanyua, nao si haba.

"Na wale wa dini ya asili?" akauliza. "Msiogope, jameni. Hii sheria inawalinda. Hakuna mtu anaweza kuwaguza."

Sasa nieleze jambo ambalo sikuwahi kulieleza. Nyuma ya nyumba yangu, penye mkorosho, pana vijiti vitatu vya mti mgumu vilivyofungwa vitambaa. Ni koma, mizimu ya watu wangu waliotangulia: nyanya, mama, na kaka yangu Mbarak. Kila alfajiri nawamwagia maji na unga wa mtama kidogo, nawataja majina, nawapa habari za nyumbani. Hiyo ndiyo dini niliyolelewa nayo. Kanisani nilikuwa nikienda pia, kwa sababu binti yangu Kanze, anayefua mashuka katika hoteli moja huko Diani, alinisihi niende, na kwa sababu mtu anayeonekana mahali fulani kila wiki haulizwi maswali. Majirani waliviona vijiti wakajifanya hawavioni, nami nikajifanya sijui kwamba wameviona.

Sijui nini kilinipata siku ile. Labda nilichoka. Labda nilikuwa bado namlilia Chengo. Nilimwamini yule msichana, basi. Mkono wangu ukanyanyuka, na nilipotazama kulia na kushoto nikakuta uko peke yake.

Ashley alipiga makofi. "Hongera sana, mama! Huu ndio ujasiri!" Hakuna mwingine aliyepiga. Alinipiga picha, akanipa kijitabu cha katiba chenye namba yake ya simu, na kabla ya saa nane alikuwa ameshaondoka kuwahi ndege. Mimi nilibaki na kijitabu. Mwanapili alikuwa ameketi safu ya mbele yangu, na nilimwona akivuta ushungi wake mbele mpaka uso ukapotea.

Woga ulianzia bombani. Siku iliyofuata nilikuta foleni ya madumu kumi na mawili. Wanawake wakanipisha wote. "Chota tu, mama Kanze, chota." Mtu anayekuonea huruma hukupisha akitabasamu. Hawa walikuwa wanatazama chini, na mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya leso yake. Nilijaza dumu langu harakaharaka, maji mengi yakamwagika, na hakuna aliyenigombeza kwa kumwaga maji. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekwisha.

Jumanne akaja Rai. Rai ni mtoto wa marehemu kaka yangu Mbarak, nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Alipozaliwa, mama yake aliugua akakosa maziwa, na Mwanapili, aliyekuwa akimnyonyesha binti yake Husna, akampa Rai titi la pili kwa miezi mitano. Sasa ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa. Mwezi wa nne mtoto wake wa kwanza alifariki kwa homa, mwenye umri wa miezi mitatu. Nilimlilia mtoto yule mpaka sauti ikakauka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Hakuingia. Alisimama uani akitazama upande wa mkorosho.

"Shangazi, hivi wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na mbili. Kwani?"

"Na nywele zako haziingii mvi?"

Nilicheka, kicheko kibaya, kama mtu aliyepaliwa. Yeye hakucheka.

"Mwanangu alipougua, ulikwenda pale kwenye vijiti?"

"Nilikwenda."

"Ulilitaja jina lake?"

Ningeweza kusema uongo. Nauona mpaka leo ule uongo ulivyokuwa umekaa tayari mdomoni. Lakini huwezi kuwakana watu wako wakiwa wanakusikia.

"Nilimtaja, Rai. Nilimwombea. Nilimwomba baba yako amwombee mjukuu wake."

"Kwa hiyo ulilitaja," akasema taratibu, kama karani anayehakikisha jambo. Akaondoka. Niliona mabega yake yakitetemeka nikaelewa kwamba mtoto huyu hanichukii. Ananiogopa. Hilo lilinitisha kuliko matusi, kwa sababu mwenye hasira unaweza kumngoja apoe, lakini mwenye kuniogopa atalalaje mimi nikiwa hatua mia mbili kutoka kwake?

Nilimpigia simu Ashley. Alisikitika sana, akaniambia niripoti polisi nipewe namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Nikaenda. Askari aliyekuwa mezani alinisikiliza kwa adabu.

"Wamekufanya nini, mama?"

"Bado."

"Wamekutishia?"

"Wamenipisha foleni. Na mpwa wangu ameniuliza umri."

Aliweka kalamu chini. "Basi, mama, wakikufanya kitu, urudi."

Nilimwambia wakinifanya kitu nitarudi nikiwa nimebebwa, na kama nitabebwa sitaweza kuandikisha maelezo. Hakuandika. Kanze naye akalia kwenye simu, nihamie kwake Ukunda. Lakini kukimbia ni kukiri, na tena nani angewamwagia maji wale wa mkoroshoni?

Alhamisi ikafika. Nilikoroga piko, nikangoja. Mwanapili hakuja. Nikaenda mpaka penye ua wake wa makuti na kumwita. Alikuwa akianika nguo, mgongo kwangu.

"Mbodze," akasema bila kugeuka, "siku hizi usiniite kwa sauti."

Nilirudi nyumbani na kifuu changu. Niliumia, sisemi uongo. Nilimtukana moyoni matusi ambayo hata nyanya yangu kule mkoroshoni alishtuka. Nilijipaka mbele na pembeni, kisogo nikakipapasa nikakosea, nikaishia kupaka masikio. Alhamisi ya pili vivyo hivyo. Kwenye kioo nilijiona mwanamke mwenye nywele nyeusi. Nyuma nilijua nimebeba weupe ambao kila mtu angeuona isipokuwa mimi. Nikawa nafunga leso chini kabisa, na kila nilipopita mbele ya mtu niligeuka kumtazama, kumbe kugeukageuka kwenyewe nako kukawa ushahidi.

Alhamisi ya tatu walikuja. Jua bado lilikuwa kali, adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha muda si mrefu. Nilikuwa nimeketi nashona makuti. Walikuwa wanne, wenye mapanga, na Rai mbele.

"Shikamoo, shangazi."

Sikuitikia. Nilijiambia nisipoitikia, jambo lenyewe haliwezi kuanza. Mtu akiogopa huamini chochote. Nilichomoa kijitabu kiunoni, ambako nilikuwa nakiweka siku zote, nikakinyoosha mbele yao. Miwani sikuwa nayo. Nilisema kwa moyo: kila mtu ana uhuru wa dhamiri, wa dini, wa fikra... Sauti ilitoka kama ya kuku anayeshikwa. Mmoja wao akacheka. Rai alikipokea kijitabu, akakiweka juu ya makuti kwa uangalifu, kisha akashika leso yangu na kuivuta.

Nilisikia hewa ikigusa kisogo.

"Tazameni," Rai akasema. "Mbele kijana, nyuma mzee. Anajificha nini?" Machozi yalimjaa. "Alilitaja jina la mwanangu! Amekubali kwa mdomo wake!"

"Rai!"

Mwanapili alikuwa amesimama uani kwangu. Alikuja bila viatu. Alikuwa anahema, na nilijua kwamba anaogopa kama mimi. Alinitazama mara moja tu. Halafu akapandisha mikono yake miwili akavua ushungi, akautupa chini.

Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, kama pamba ya msufi. Tangu siku ya baraza hakuwa amejipaka hata chembe. Nani angempaka kisogo?

"Haya, nitazameni," akasema. "Tangu baba yake Husna afariki, hizi hazijaonwa na mwanamume. Leo nawaonesha nyinyi, na nitamjibu Mola wangu mwenyewe. Kama mvi ni uchawi, anzeni na mimi. Na wewe Rai, kabla hujamgusa shangazi yako, yatapike kwanza maziwa yangu."

Katika wale wanne alikuwamo Swabir, kijana anayeadhini msikitini. Aligeuza uso kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Astaghfirullahi! Mama, jifunike. Tafadhali jifunike."

"Sijifuniki mpaka mwende zenu."

"Mama, tunakuomba!"

"Nimesema sijifuniki."

Swabir alirudi nyuma huku amejiziba macho kwa mkono wenye panga, akajikwaa kwenye makuti yangu, akatoka. Wawili wengine wakamfuata, macho chini. Wangeweza kuniua mimi, naamini hivyo mpaka leo, lakini kumwona Mwanapili kichwa wazi hawakuweza. Akabaki Rai. Aliutazama ushungi ule ulioanguka mchangani. Aliinama, akauokota, akaukung'uta, akampa Mwanapili kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia mimi.

"Bado, shangazi," akasema, akaondoka.

Mwanapili alijifunika akaketi chini palepale. Nilimletea maji, akayamwaga nusu.

"Nilikuwa naogopa, Mbodze," akasema. "Kila siku nilikuchungulia uani, na kila siku niliogopa."

"Najua."

"Bado naogopa."

"Hata mimi."

Tulikaa. Upepo ulikuwa ukitikisa vitambaa vya koma mkoroshoni, na kila kilichotikisika tulikigeukia. Baadaye akaniambia nilete kifuu.

"Cha nini? Wameshatuona."

"Wametuona wanne," akasema. "Kijiji kina watu wangapi?"

Nikakoroga. Sikuufunga mlango, maana tulitaka kuona njia. Nilimpaka yeye kwanza, kichwa kizima, halafu nikampa mgongo akaanza kisogo changu. Alipaka bila kutazama, rangi ikawa inanitiririka shingoni mpaka ndani ya nguo. Macho yetu sote wawili yalikuwa njiani.